Neno Lililovuka Mpaka Pamoja Nasi

Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Zamani wa Shule ya Bweni ya Chinyamhara kwa Mheshimiwa Naibu Waziri, Ndugu Phineas Katsande, siku ya kufungua bwalo jipya la chakula, Jumamosi tarehe 28 Agosti 1982

MAKARIBISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, wanafunzi, na wewe mama yetu uliyeketi safu ya mbele,

Karibu nyumbani. Hatusemi karibu mgeni, maana mtu hakaribishwi mahali alipochonga jina lake kwenye kitanda. Kitanda hicho kipo, bweni la pili, cha tatu kutoka dirishani, na kijana anayekilalia sasa ameonywa asiongeze herufi yake chini ya zako.

Wewe unajua kwamba kengele ya Chinyamhara haimsubiri mtu. Leo imekusubiri dakika arobaini. Hatulitaji hili kwa kulalamika. Tunalitaja ili ujue uzito tulioupa ujio wako, kwa kuwa kengele hiyo haikumsubiri askofu, wala haikuwasubiri askari.

Na meza uliyowekewa ni ile ile ya mwaka 1975. Askari waliokaa hapa wakati wa vita waliikatia nyama kwa miaka miwili, lakini mti wa kwetu mgumu. Tumekukalisha upande wa kushoto kwa makusudi. Sababu tutaieleza.

HISTORIA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule hii ilifunguliwa mwaka 1938, ikiwa na wavulana kumi na tisa na kanuni moja iliyoandikwa juu ya mlango wa bwalo: Simama kwenye neno lako. Historia ya miaka ya mwanzo imo kwenye vitabu vya shule. Leo tutaeleza siku moja tu, kwa sababu siku hiyo ndiyo iliyotufanya tulivyo.

Mwezi kama huu, miaka saba iliyopita, viongozi wetu na serikali ya walowezi walikutana ndani ya behewa la treni lililosimamishwa katikati ya daraja la Zambezi, wao upande wao na sisi upande wetu. Kidato cha nne tulikuwa na klabu ya mdahalo, na tuliona si vizuri mkutano mkubwa namna ile ufanyike bila sisi. Tukaweka meza hii katikati ya bwalo, tukachora mstari wa chaki juu yake na kuuendeleza sakafuni mpaka ukutani, tukapiga kura ya vijiti kugawana viti.

Wewe, Mgeni Rasmi, ulipata upande wa ukombozi. Upande wa serikali hakuna aliyeutaka. Kijiti kilimwangukia kiranja mkuu, Munodawafa Sanyanga, naye hakunung'unika. Alivaa koti la mwalimu wa zamu, akawa Waziri Mkuu wa walowezi, akaketi hapo ulipoketi wewe sasa. Alitetea hoja za walowezi vizuri kiasi kwamba wengine walikataa kumpa chumvi wakati wa chakula.

Kisha redio ikatuambia kwamba mkutano wa kweli umevunjika. Waliokuwa wameshika nchi walikataa kuwahakikishia viongozi wetu walioko uhamishoni kwamba wangeingia kuzungumza bila kukamatwa. Walidhani wamejinunulia muda. Sisi tuliokuwa tunakula sadza na maharage tulielewa jambo ambalo mawaziri wao hawakulielewa: mwenye kufunga mlango wa mazungumzo huwa amekwisha kuchagua ukuta utakaobomolewa. Ndani ya miaka mitano ukuta ulianguka. Serikali iliyoondoka darajani ikijisifu haipo tena, na bendera inayopepea hapo nje ndiyo jibu la behewa lile. Tunalisema hili kwa fahari, na tutaendelea kulisema.

Jioni ile, Mgeni Rasmi, ulisimama ukasema anayekubali kwamba meza imekufa avuke mstari wa chaki, twende vitani. Wavulana thelathini na wanane tulivuka, wewe ukiwa wa kwanza na msomaji wa risala hii akiwa wa kumi na saba. Munodawafa hakuvuka. Alisema kuna watoto mia moja na kumi na wawili wa vidato vya chini, na kiranja mkuu haondoki kabla ya kuhesabu watoto.

Hapo ndipo ulipomwambia maneno ambayo kila aliyekuwepo anayakumbuka:

"Mheshimiwa Waziri Mkuu, kiti kimekukaa. Baki nacho basi, mutengesi we."

Bwalo zima lilicheka, na Munodawafa alicheka kuliko wote. Naye akakujibu:

"Nenda, mtani. Ukifa huko nitakuzika vibaya. Nitawatangazia wote unavyokoroma."

"Ukitangulia wewe je?"

"Nikitangulia mimi, njoo unywe pombe yangu. Cha bure hujawahi kukikataa."

Mama zetu na baba zetu hawahitaji kuelezwa. Ukoo wa Katsande na ukoo wa Sanyanga ni watani tangu mababu, watani wa msibani, wale tunaowaita sahwira. Mtani ana ruhusa ya kumwita mtani wake mwizi, mchawi, au mutengesi, yaani muuzaji wa watu wake, na neno likaishia pale pale lilipotamkwa. Huo ulikuwa utani, na ulikuwa haki yako.

Kosa ni letu sisi thelathini na saba. Hatukuwa watani wake. Tulilibeba neno lile tukavuka nalo mpaka, na kambini tulipoulizwa nani alibaki nyuma, tulijibu: alibaki Sanyanga, mutengesi. Tulilisema tukicheka. Waliotusikia hawakutoka bonde hili, na hawakucheka.

MAFANIKIO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo furaha kukuarifu kwamba Chinyamhara imeshinda.

Kati ya waliovuka, thelathini na mmoja tulirudi. Saba waliobaki ng'ambo majina yao yako ukutani, na familia zote saba zimekwisha kuwarudisha nyumbani kwa ibada ya desturi. Shule iliyofungwa mwaka 1977 ilifunguliwa tena Januari mwaka jana. Ina wanafunzi mia nne na kumi na wawili, na mwaka huu mtihani wa kidato cha nne utafanyika hapa kwa mara ya kwanza tangu tulipoukimbia sisi.

Bwalo hili unalolifungua lilijengwa kwa mikono ya wanafunzi wa zamani. Matofali tulifyatua wenyewe, na paa tulipandisha wenyewe bila fundi wa kutoka mjini. Mmoja wetu alianguka akavunjika kidole, akafungwa kitambaa akarudi juu. Ndivyo tulivyolelewa.

Ushindi mkubwa zaidi ni huu. Kwa miaka miwili baada ya uhuru shule hii ilikuwa na vyama viwili vya wanafunzi wa zamani, Waliovuka na Waliobaki, na havikusalimiana hata sokoni. Waliobaki walisema sisi tulivuka mstari wa chaki tukadhani tumevuka Zambezi. Sisi tukawajibu kwamba wao walibaki kulinda uji. Machi mwaka huu vyama hivyo vilikutana kwenye meza hii, kuanzia asubuhi mpaka kengele ya chakula cha jioni, na tofauti na behewa lile, hakuna aliyeinuka kabla ya kupatana. Leo tuko chama kimoja chenye mwenyekiti mmoja. Mstari tumeufuta, na sakafu mpya haina alama yoyote. Tunaomba wale walioshindwa darajani wajue kwamba wana wa Chinyamhara waliweza.

MATATIZO

Tatizo letu ni moja, na lina jina.

Siku ile ile tulipoondoka, polisi walimchukua Munodawafa. Walimshikilia siku kumi na moja. Walitaka njia. Njia ile, Mgeni Rasmi, ni yeye aliyetuchorea: mashamba ya chai, kisha kivuko cha mto chenye mawe matatu. Sisi tulitumia siku nne kufika mpakani. Angefungua kinywa siku ya kwanza, tusingekuwa na uhuru wa kusoma risala. Haya tumeyajua mwaka jana tu, kutoka kwa mpishi wetu, Mzee Gwatidzo, aliyefungwa naye chumba kimoja. Tulimuuliza kijana alisema nini alipokuwa anachapwa. Mzee akatujibu hivi:

"Walimuuliza njia. Akawaambia njia anayoijua yeye ni ya bwaloni."

Alipoachiwa, alirudi kufundisha watoto, na shule ilipofungwa akawafundisha kijijini. Mwaka 1978 neno letu likarudi bondeni, likibebwa na watu wenye bunduki ambao hawakumjua. Waliuliza Sanyanga ni nani. Alitolewa mbele ya darasa mchana, chaki mkononi. Hatutaeleza zaidi, kwa sababu mama yake yupo. Alizikwa na mama huyo pamoja na Mzee Gwatidzo, wawili tu.

Mheshimiwa, siasa iliyozaliwa siku ya daraja ilituachia vitu viwili: bendera na neno. Meza ilipokufa, kila mtu alitakiwa awe upande mmoja wa mstari, na aliyechelewa kuvuka, kwa sababu yoyote ile, aliitwa muuzaji. Huenda vita haikuweza kupiganwa vinginevyo. Hilo tunawaachia wenye kuandika vitabu. Lakini vita imekwisha, bendera tunaipandisha kila asubuhi, na neno bado linatumika. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa hadhara, mtu mzima aliitwa mutengesi kwa kuuliza kwa nini mbegu zimechelewa. Nchi iliyoshinda haipaswi kuogopa swali la mbegu.

OMBI

Rasimu ya kwanza ya risala hii ilikuwa na maombi manne: pampu ya maji, vitanda, mwalimu wa hesabu, na hili. Mkutano mkuu ulifuta matatu ya kwanza. Pampu tutaitengeneza.

Kwa miaka minne Mama Munodawafa hajaweza kumrudisha mwanawe nyumbani. Mtu akifa kwetu hupikiwa pombe ya ulezi, na roho yake huingizwa mlangoni ikae na wazee wake. Asiyefanyiwa hivyo huzurura. Mama alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza hakuna aliyekuja, kwa kuwa nani atakunywa pombe ya msaliti? Mara ya pili tulikuja sisi, wa pande zote mbili, tukiwa hamsini. Pombe ikamwagwa bado nzima, kwa sababu watu hamsini si mtani mmoja. Mtungi wa Sanyanga hufunguliwa na Katsande. Ndiye anayeingia kwanza, anamtukana marehemu mbele ya mama yake mpaka watu wacheke, kisha anasema marehemu alikuwa nani hasa. Bila yeye hakuna wa kusema.

Tulikuandikia barua tatu. Majibu ya ofisi yako yalikuwa ya adabu, na yalisema kwamba Mheshimiwa ana majukumu ya kitaifa. Ndipo tulipojenga bwalo. Tusieleweke vibaya: watoto walilihitaji. Lakini tulifahamu pia kwamba Naibu Waziri huja kukata utepe mahali ambapo mtani haji kunywa pombe.

Tulikwenda kwa mama kumwomba radhi kwa neno tulilolieneza. Hakutufukuza. Alituambia kwamba jina la mwanawe, lenye maana ya "mnampenda akishakufa," alilitoa kuwasimanga mawifi zake waliomnyima maziwa akiwa mja mzito. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema:

"Sikujua kumbe nawasimanga ninyi."

Tulipomweleza tarehe ya ujio wako, alihesabu siku saba nyuma, akaloweka ulezi.

Hatukuombi uombe radhi. Hukukosa. Ulitania, na mwenye utani ndiye pekee awezaye kusema, huu ulikuwa utani. Tukisema sisi, watu watadhani tunamtetea maiti. Waziri akisema, watadhani ni siasa. Akisema Katsande, akiwa ameshika kata ya kunywea, bonde zima litaamini kabla pombe haijafika kooni.

HITIMISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ratiba inasema baada ya risala utakata utepe, utahutubia, kisha utaondoka saa saba. Utepe upo, na mkasi umenolewa. Mkuu wa Shule, ambaye ni mtu wa kanisa, ametuambia kwamba hataona lolote litakalotendeka nje ya uzio, na tunamshukuru kwa macho yake.

Kwa maana nyumba ya Sanyanga iko nje ya uzio, hatua mia mbili kutoka kiti ulichokalia, kiti ambacho Munodawafa alikikalia kwa kijiti wala si kwa moyo. Mtungi umewekwa mlangoni tangu asubuhi. Mama hakuja hapa kusikiliza hotuba. Hicho alichofunika kwa kitenge mapajani mwake ni kata.

Wewe uliyetufundisha kuvuka mstari, umebakiwa na mmoja.

Tunakuombea afya, maisha marefu na sauti nzuri. Wazee wa Katsande wakutangulie njiani, wazee wa Sanyanga wakupokee mlangoni, na Mungu wa wote aibariki nchi hii tuliyoipata kwa gharama. Mgeni rasmi tumemkaribisha, na tumemaliza naye. Sasa tunamwita mtani: inuka, Phineas. Pombe ya ulezi haifiki kesho.

Ni sisi, tuliovuka na tuliobaki,

Chama cha Wanafunzi wa Zamani wa Chinyamhara

Imesomwa kwa niaba ya wote na Katibu, Ishmael Gwenzi, wa kumi na saba kuvuka