Uso Kwenye Mlango wa Friji

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ringi mbili za lori, mbele ya chumba cha Kinyozi, pale barabara inapopinda na maji ya mvua yanapokosa pa kwenda. Siku hiyo yalikuwa yametuama hadi karibu na vidole vyetu vya miguu, na anga lilikuwa la kijivu tangu asubuhi, kama shuka lililofuliwa bila sabuni. Muuza kahawa alikuwa amekwisha kumimina duru ya kwanza. Kinyozi alikuwa ndani, mlango wazi, anampaka povu kidevuni mteja ambaye hatukuwahi kumwona, huku sikio lake moja likiwa kwetu kama kawaida yake. Upande wa kulia wa ubao alikaa Redio, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hazimwi. Kushoto alikaa Wakili. Kazi yake ni ufundi wa kufuli, ila hajawahi kusikia hoja akakosa kuipinga. Mimi nilikuwa katikati, nazuia vita. Ndipo akaja Fundi Saa, amekunja suruali juu ya maji, akakaa mwisho wa ubao bila kusalimia, jambo ambalo si lake.

Fundi Saa ana umri wa kuitwa baba na yeyote kati yetu. Maisha yake yote ametengeneza saa, kazi ya kushika vitu kwa ncha ya kibano huku pumzi umeibana. Alipokea kikombe, hakunywa.

— Hivi nyinyi, alisema, mikwaruzo kwenye friji ya chuma inatolewa na nini? Zile za stenlesi.

— Mikwaruzo imetoka wapi tena? aliuliza Redio.

— Imetoka mkononi mwangu.

Friji ile tuliijua sote. Mkewe aliinunua kwa kiinua mgongo chake alipostaafu upishi wa bweni. Miaka na miaka alikuwa amepikia watoto wa watu kwenye masufuria meusi ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, na alipotoka alitaka kitu kimoja jikoni mwake kisichojua masizi. Kila Ijumaa asubuhi aliufuta mlango ule mpaka ukipita unajiona meno. Sasa alikuwa hospitali, amefanyiwa upasuaji wa macho yote mawili, na kesho yake alikuwa anarudi nyumbani.

— Nilimpelekea uji, alisema Fundi Saa. Kafungwa bandeji, ananitafuta kwa mkono. Akaniambia, baba watoto, nikirudi, kitu cha kwanza nataka nione uso wangu kwenye mlango wa friji. Usije ukawa umeuchafua na vidole vyako vya grisi.

— Shemeji huyo! Wakili alicheka. Macho wamepasua, mdomo wameuacha.

— Basi nikarudi nikaamua niusafishe. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria. Na majivu.

Kichwa cha Kinyozi kilichomoza mlangoni, wembe mkononi.

— Waya? Baba, waya?

— Marehemu mama alikuwa anasugua sufuria kwa majivu mpaka unachania nywele humo. Nikajua chuma ni chuma. Nikasugua kwa kuzungusha, hivi, kwa nguvu zangu zote. Ulipokauka ndipo nikaona. Uso hamna. Unaona kitu kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi.

Hakuna aliyecheka. Sidhani kama kati yetu yupo ambaye hangefanya vilevile. Sote tumelelewa na wanawake waliokuwa wakianika sufuria juani zikawaka kama taa, na tulichojifunza kwao kwa kutazama kwa mbali ni kwamba chombo kinang'aa kwa kuteswa.

— Hilo dogo, alisema Redio. Siki. Nilisikia kwenye kipindi. Siki na maji, unafuta, unakausha, halafu tone la mafuta ya kupikia. Chuma kinarudi kama kimetoka kiwandani leo.

— Siki inatoa uchafu, alisema Wakili. Mkwaruzo si uchafu. Mkwaruzo ni shimo. Wewe shimo unalifuta? Shimo linafukiwa. Baba, chukua unga wa ngano mkavu, kitambaa laini, ufukie. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha unga kwenye friji, alisema Redio. Likija joto, mlango unaumuka.

Fundi Saa alitaka kutabasamu, akashindwa. Nikamuuliza:

— Kwani mama mwenye friji alikuwa anatumia nini?

Fundi Saa alitikisa kichwa.

— Sijui. Miaka yote hiyo mimi niko sebuleni, jicho liko kwenye lenzi, yeye yuko jikoni anafuta. Nasikia kitambaa tu. Na harufu, kali kidogo, kama ya kitu kilichochacha.

— Siki! Redio alijipiga paja. Nilisema nini mimi?

— Au ndimu, alisema Wakili. Au maziwa yaliyolala. Usimfunge mtu kwa harufu.

— Si umuulize tu, baba? alisema Kinyozi kutoka ndani.

— Nikimuuliza atajua nimeuharibu. Sauti yangu anaisoma kuliko wewe unavyosoma gazeti.

— Na wewe Wakili, nilisema, kwako shemeji anatumia nini?

— Kwangu? Wakili alifikiri kwa dhati, na nilimwona akipita jikoni kwake kwa mawazo, akitafuta chupa juu ya rafu. Kwangu vyombo viko safi tu. Tusitoke nje ya mada.

Kinyozi alitoka, wembe ameufuta begani kwenye taulo. Ndiye mdogo wetu, na huwa hazungumzi mpaka aone tumepotea.

— Chuma kile kina mistari, alisema. Kama ndevu. Ukienda nayo, inalala. Ukienda kinyume, inaamka. Baba umekinyoa kinyume. Paka mafuta ya kupikia kidogo, futa kufuata mistari, juu kwenda chini, usizungushe. Haitapona, lakini italala.

— Italala mpaka lini? aliuliza Fundi Saa.

— Mpaka mafuta yakauke.

— Apake kila siku, kama kichanga? alisema Wakili.

— Apite kesho tu kwanza.

— Mimi napinga, alisema Wakili. Samaki mkunje angali mbichi. Mkwaruzo huu ni mbichi, bado haujakomaa. Ukiupaka mafuta unaulea. Dawa yake ni magadi na ndimu, povu likitoka usilifute. Liache linung'unike mpaka asubuhi.

— Magadi na ndimu vinauana vyenyewe kwa vyenyewe, alisema Redio. Asubuhi unakuta maji ya chumvi. Sikilizeni. Maganda ya viazi.

— Viazi tena!

— Ule utomvu wake. Na kama hakuna viazi, maji ya mchele. Watu wanaosha nayo uso, ngozi inarudi. Na chuma nacho kina ngozi, ndiyo maana kikaitwa kisichoshika kutu. Maji ya mchele, halafu ute wa yai juu yake, unaacha ukauke. Ute wa yai unang'aa kuliko vanishi.

— Na inzi?

— Inzi ni suala la pili.

— Mnamzungusha mzee wa watu, alisema Wakili, na sasa alikuwa amesimama, maji yanamgusa kandambili. Tatizo si mkwaruzo. Tatizo ni kwamba sehemu moja imekwaruzwa na nyingine haijakwaruzwa. Jicho linaona tofauti. Dawa ya moto ni moto! Baba, rudi nyumbani, chukua waya uleule, kwaruza mlango mzima ufanane. Na ubavuni pia. Shemeji akiuliza, mwambie siku hizi ndivyo zilivyo.

— Wakili, nilisema.

— Nini? Kuna friji mpya ziko hivyohivyo, hazirudishi uso.

— Yeye kasema anataka kuona uso wake, alisema Fundi Saa taratibu, kama anamweleza mteja kwamba saa yake haina dawa.

Hapo Redio akainua mkono, na nikajua linakuja kubwa.

— Kioo.

— Kioo gani?

— Si anataka uso? Kinyozi ana kile kioo chake cha zamani, kimekaa nyuma ya mlango. Kinabandikwa juu ya mkwaruzo. Gundi, basi. Mama anaingia, anasimama, anauona uso wake. Tena anauona vizuri kuliko kwenye chuma. Penye nia pana njia!

— Kina ufa kile, alisema Kinyozi.

— Ufa upande gani?

— Katikati.

— Basi atasimama pembeni.

Wakili, ambaye hajakubaliana na Redio tangu nimfahamu, alifungua mdomo apinge, akakuta hana hoja. Akakaa. Kwa dakika ile kesi ilikuwa kama imekwisha. Tulianza kabisa kuzungumzia gundi, ipi inashika kwenye chuma chenye baridi, na kama kioo kitaweza kuvumilia mlango kufunguliwa na kufungwa. Fundi Saa alikuwa anatusikiliza mmoja baada ya mwingine, anageuza kichwa kwa kila anayesema, kwa adabu ya mtu aliyeomba ushauri na hataki kuonekana ameukataa. Nilidhani ni huzuni ya mtu aliyeharibu kitu cha mkewe. Huzuni hiyo ipo, na ni nzito, na inatosha kumfanya mtu asisalimie. Sikutafuta nyingine.

Yule mteja mgeni alikuwa amegeuza kiti kutuelekea. Shavu moja lilikuwa limenyolewa, jingine bado lina povu, na povu lilikuwa limeanza kukauka kwa kutusubiri.

— Samahani, wazee, alisema. Mimi si wa hapa. Daktari amesema huyo mama ataona?

Redio alivuta pumzi ajibu, kwa kuwa Redio hujibu. Akatutazama. Wakili akanitazama mimi. Mimi nilimtazama Kinyozi, na Kinyozi alikuwa ameangalia chini, kwenye maji. Upasuaji tulijua. Kurudi tulijua. Katika kahawa yote tuliyokunywa kwa ajili ya macho ya mama yule, hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Tulilichukulia kwamba mtu hupasuliwa ili apone, kama saa inavyofunguliwa ili itembee.

Fundi Saa aliweka kikombe juu ya ubao. Kilikuwa bado kimejaa.

— Daktari aliniita kwenye korido, alisema. Akaniambia wamefanya walichoweza. Akasema niangalie namna ya kumweleza mwenyewe, mimi ndiye ninayemjua.

— Na yeye? aliuliza Wakili, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Anajua?

— Anajua kwamba bandeji zitafunguliwa.

Manyunyu yalikuwa yameanza tena, yanatoboatoboa maji mbele yetu. Muuza kahawa alifunika vikombe vyake kwa kitambaa, hakuondoka. Nilitafuta la kusema, na kila nililoliokota lilikuwa la mtu mwingine, lile la Mungu yupo, lile la ndiyo dunia, nikaliacha lilipokuwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona Redio akiwa na uso tu, bila maneno mbele yake, na ulikuwa uso wa mtu mzee kuliko nilivyodhani.

— Akimaliza kufuta, alisema Fundi Saa, huwa anapitisha kiganja. Hivi, toka juu mpaka chini. Nilikuwa namwona kwa pembeni nikiinua kichwa kupumzisha jicho.

Aliinua mkono wake akaupitisha hewani, polepole, juu kwenda chini.

— Nilichokuja kuuliza hasa ni hiki, ila nyinyi hamkunipa nafasi. Ukipitisha kiganja, mikwaruzo ile inasikika?

Tulikuwa na siki, ndimu, magadi, viazi, mayai na kioo cha watu, na hilo hatukuwa nalo.

— Wewe hujagusa? nilimuuliza.

— Nimegusa. Nagusa, nasikia. Nagusa tena, naona ni macho yangu yananiambia. Sijui tena kipi kinanidanganya.

Kinyozi aliufunga wembe. Akaingia ndani, tukasikia bomba, sabuni, maji yakimiminika kwa muda mrefu. Alirudi anafuta mikono kwa taulo safi, kidole kimoja baada ya kingine. Mikono ile ndiyo inayopita kwenye mashavu yetu kila wiki na kutuambia palipobaki unywele ambao hakuna kioo kingeuonyesha.

— Twende nikaushike huo mlango, baba.

— Una mteja.

— Nendeni, alisema mgeni kutoka kitini, povu limekauka shavuni. Nitangoja.

Fundi Saa alisimama. Alikunja suruali mara moja zaidi, akaingia kwenye maji, Kinyozi nyuma yake. Walipofika katikati alisimama, akageuka.

— Ila ukiushika, alimwambia, fumba macho.