Ijumaa Wanazima AM

Kijiwe chetu hapa Kasulu ni benchi moja linaloyumba, jiko la Hamis muuza kahawa, na redio kuukuu iliyofungwa waya mpaka kwenye bati. Hamis hugonga vikombe kutwa nzima kuita wateja, isipokuwa saa ya matangazo ya waliopotezana. Hapo huviweka chini, na hata mbishi hufunga mdomo. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, na mimi naipenda kuliko kahawa yenyewe. Jioni ile mtangazaji alikuwa ametoka kusema kwamba Ijumaa redio yetu inazima masafa ya AM, itabaki kwenye simu tu. Benchi likawaka.

— Maendeleo hayo! akasema William, bwana kilimo aliyehamishiwa huku kutoka Musoma. Sisi humwita Mkoa. — Unapakua, unasikiliza, basi.

— Bando utamnunulia wewe bibi yangu wa Kitanga? akadakia Longinus, fundi redio, jina la kijiweni Mawimbi. — Kule mtandao wanaufuata juu ya kichuguu. AM inamkuta mtu jikoni kwake.

— Mitambo imechoka, Mawimbi. Na umeme inaokula ile!

— Kwani redio ni duka? Ile ni ya watu! Ng'ombe akipotea Buhigwe nani anatangaza?

— Ng'ombe ajipige picha, ajitume kwenye grupu.

Tukacheka. Mawimbi akizidiwa huongeza chumvi.

— Hamjui kitu nyie. AM haifi! Neno likisharushwa linagonga mlima, linavuka ziwa, linazunguka Kongo yote. Mpaka leo kuna matangazo ya enzi za baba yangu yanatembea huko juu yanamtafuta mwenyewe.

— Acha kamba, bwana, akasema Hamis.

— Kamba? Neno la redio halichoki. Litazunguka mpaka limpate mwenye jina lake.

Kando yetu alikuwa amesimama mama mmoja na furushi la vitenge. Akamsogelea Mawimbi.

— Papa, ile unasema ni ya kweli?

— Kabisa, mama yangu. Muulize yeyote.

— Mi ni Pascasie, wa kambi ya Nyarugusu. Tulipotezana na mdogo yangu Kalunga ku njia ya kukimbia vita. Simu hakukuwa nayo, lakini redio alikuwa anapenda sana. Kila mwaka banamusomea jina. Leo nilikuya tena, banasema nafasi ilishajaa mpaka Ijumaa.

Akamtazama Mawimbi usoni, bila hasira yoyote.

— Sasa ile tangazo ya mwaka jana, ilishafika wapi?

Mawimbi akainuka kwenda kukaza waya wa redio pale kwenye bati. Mkoa akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Nilitafuta uongo wa kumpoza yule mama, sikuupata.

Hamis akammiminia kahawa, akamsogezea nafasi kwenye benchi. Redio ilikuwa inapiga muziki tu, lakini akaviweka vikombe vyote chini.