Wembe Mmoja wa Tarbaj

Assalamu alaikum, wazee wetu, akina mama mlio upande wa pili wa turubai, na nyinyi vijana mliosimama kule getini kana kwamba mtafukuzwa, mimi ni Yakub, ndugu mdogo wa marehemu mwalimu Abdow Jelle, familia imenituma niwasomee maisha yake kutoka kwenye karatasi hii.

Marehemu alizaliwa Tarbaj mwaka wa 1979, kitambulisho kinasema tarehe mosi Januari, kama vitambulisho vya nusu yenu hapa, akiwa kifungua mimba wa mzee Jelle na mama Sharifo. Alianza shule ya msingi papo hapo Tarbaj mwaka wa 1987, na Agosti mwaka uliofuata akapashwa tohara pamoja na wavulana wa ukoo, kwa wembe mmoja, kama ilivyokuwa desturi. Alimaliza sekondari mjini Wajir mwaka wa 1999, akahitimu ualimu wa biolojia mwaka wa 2003, akafundisha Hagadera, kisha Masalani, na hapa Garissa tangu Januari 2015.

Hapa ndipo alipoanzisha vile vikao vya Jumatano alasiri, vya wavulana peke yao, uwanjani, akiwaeleza mabadiliko ya mwili, magonjwa ya zinaa, heshima ya mke, na kwamba kila mtoto anayetahiriwa apate wembe wake mpya. Maneno yaliyomfuata mnayajua, wapo waliosema anafundisha watoto uchafu, yuko aliyempigia simu akamwonya asionekane tena pale uwanjani, na yeye mwenyewe aliogopa, jamani, akawa anabadilisha njia ya kurudi nyumbani, lakini Jumatano ikifika alienda.

Alimwoa Fosia Hirsi tarehe 12 Agosti 2006, wakajaliwa Ramla, Noordin na Ugbad.

Februari mwaka huu tumbo lake lilianza kujaa maji, macho yakawa ya manjano, na madaktari wakakuta saratani ya ini iliyoletwa na homa ya ini aina ya B. Adeer Abdiwahab, ndugu wa baba yetu, jana aliniomba niruke hapa, niseme tu aliugua kwa muda mfupi, kwa sababu ugonjwa huu huambukizwa pia kwa zinaa, na tayari kwenye soko la mifugo wanasema mwalimu ameuawa na kile alichokuwa akifundisha, na watu walioleta posa ya Ramla wamenyamaza tangu mazishi. Adeer, nisamehe, ninakuogopa sana, lakini marehemu aliniusia kitandani niutaje kwa jina lake. Fosia na watoto walipimwa mwezi wa Machi, hawana, na wamechanjwa. Daktari alisema virusi vile vilikaa mwilini tangu utotoni vikiwa kimya, hawezi kuapa, ila huenda ni ule wembe.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, alfajiri, tukamzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maziwa na maji bila kuombwa, walimu wenzake, na wanafunzi wake waliochimba kaburi.

Limebaki moja, nalo halimo kwenye karatasi. Asubuhi ile ya Tarbaj, ngariba alipommaliza Abdow aliupangusa wembe kwa kitambaa, akaniita mimi, na baada yangu wakaja wengine, na baadhi yao ninawaona hapa, ndevu zimepakwa hina. Tangu Machi nimekuwa nikifika hadi mlango wa maabara na kugeuka, kwa hofu tu, sina sababu nyingine. Jumatatu asubuhi nitaingia, Noordin atanisindikiza, na yeyote aliyekuwa kwenye foleni ile namwomba, kwa haki ya marehemu, asiniache niende peke yangu.

Pumzika, ndugu yangu, kwa amani ya Mola wako, ulikuwa mbele yangu siku ile, nami nilikuwa nikikutazama wewe nisilie.