Sista Hebu Anastaafu, Mikono Yetu Anamwachia Nani?

Kwanza salamu. Mume wa Sista, fundi saa, hujambo. Mama mkwe wake mwenye magoti yanayouma, shikamoo. Binti mkubwa na mumewe, wa kati aliye masomoni, kitinda mimba asiyependa kuamka, na mjukuu aliyeota meno juzi, wote tunawasalimu. Sisi wa chumba cha kusafisha damu tupo, ila roho zinadunda.

Zinadunda kwa sababu Ijumaa hii, tarehe thelathini, Sista Hebu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, mingi akiwa kwenye mashine zetu. Wakubwa wamesema jarida la wafanyakazi litoke na maneno yangu. Shule yangu ni fupi, lakini nimefanya usafi humo tangu mashine zikiwa mbili, na binti yangu, fundi cherehani, ni mgonjwa humo humo. Nimemwona Sista kwa macho ya kazi na kwa macho ya mama.

Hilo jina la Hebu alipewa na wagonjwa. Mtu akiingia na kusema salama, yeye kama hasikii. Anamshika mikono yote miwili kwa pamoja: hebu nibane, hebu nyoosha vidole, hebu nione kucha. Ili mashine ipate damu ya kutosha, daktari huunganisha mishipa miwili mkononi. Sasa siku nyingine damu hukimbilia njia hiyo mpya, vidole vikabaki na njaa. Vinapoa, vinakufa ganzi, mishipa ya fahamu inaumia. Na watu wetu, hata mkono ukimfia mtu, ukimuuliza hali anasema nzuri. Sista aliishuku hiyo nzuri kama maziwa yaliyolala.

Naye alishukiwa. Mke wa mgonjwa wetu mmoja, dereva, alisikia mumewe anashikwa mikono kila wiki. Akaja, akaketi katikati yao, mkoba mapajani. “Dada, mkono wa mume wangu una nini?”

“Shika wewe basi, wifi yangu, uniambie.”

Akashika. Mmoja wa moto, mwingine kama umetoka kwenye friji. “We baba watoto! Siku zote umenyamaza!” Mshipa ulirekebishwa wiki ile ile, na tangu hapo yule mama ndiye mkaguzi, hata majirani wa vitanda anawabana.

Kwa binti yangu haikuwa kichekesho. Alitoka kupasuliwa mkono wa kushoto kuunganishwa mishipa, saa hiyo hiyo ukaanza kumuwaka moto. Akasema ni ile ganzi ya upasuaji, itaisha. Mkono ulikuwa na joto, mapigo yapo, nani asingemwamini? Sista akampa leso aibane kwa dole gumba na kidole cha shahada. Ikaanguka. Akampa tena, ikaanguka. Akamwita daktari mpasuaji, naye alikuja mbio, akasema mishipa ya fahamu imekosa damu ghafla, tusingoje. Njia ile ikafungwa siku ile ile. Vidole viwili bado vizito, lakini mkono unashika kitambaa na cherehani inalia nyumbani kwangu.

Sista anayempokea ni mpole na kazi anaijua. Kasoro yake moja: anaamini watu. Anauliza hali, anajibiwa nzuri, anapita. Amefundishwa kubana mikono, na anabana, lakini kama mtu anayeomba radhi. Mimi na fagio langu la deki tunamwangalia.

Na Jumatatu binti yangu anatengenezewa njia mpya, mkono wa kulia, mkono wa mkasi. Mpira wa kusafishia damu alio nao shingoni kwa sasa, daktari hataki ukae zaidi. Mtoto ameshaanza kuniambia, “Mama, usiwe na wasiwasi, sitaumia.” Namjua, nimemzaa. Maumivu atayameza kwa kuogopa kuniliza.

Sista wetu, asante kwa kutotuamini. Tunakutakia mapumziko marefu, miguu juu ya kigoda, simu imezimwa. Ila mdogo wangu, yaanze Jumanne. Jumatatu njoo umbane yule mtoto akitoka kupasuliwa. Nijibu upesi, leo ukiweza, nijue kama nitasimama pale mlangoni peke yangu au na wewe.