Programu Tatu za Zahanati Moja

Benchi la kahawa liko kati ya kibanda cha fundi viatu na ukuta wa duka la simu, na kila alasiri hulikalia watu wale wale: Kinyozi, Mstaafu na Programu. Huyu wa tatu jina lake wamelisahau, naye amechoka kuwakumbusha. Miaka minne iliyopita yeye na rafiki zake wawili waliitengenezea zahanati programu ya miadi ya wagonjwa, kila mtu na yake: yeye ya kompyuta za mapokezi, mmoja ya simu za wagonjwa, mwingine ya tableti za manesi. Wenzake wakapata kazi mbali, mmoja baada ya mwingine. Amebaki na zote tatu, na kila rekebisho analifanya mara tatu. Juzi akasahau moja. Simu ya bibi mmoja ilimwambia aje Jumanne, kompyuta ikasema siku yake ilikuwa Jumatatu, akarudi nyumbani bila sindano. Zahanati imempa wiki moja: programu zikubaliane, au kazi apewe mtu mwingine.

— Umeme huo, alisema Mstaafu. Kompyuta inakula wa ukutani, simu inakula wa betri. Damu haziendani.

— Wivu wa ukewenza tu, Kinyozi akamkatiza. Kila moja inataka mgonjwa awe wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mvungu umeingiaje hapa, bwana?

— Programu si iko ndani ya mashine? Basi.

Mstaafu hakukubali kushindwa. Akadai tableti hupelekeana habari manesi wakienda kula, na umoja ni nguvu, ndiyo maana zimemshinda. Programu alicheka. Kule ofisini kuna meza tatu na hakuna wa kumbishia hata upuuzi kama huu.

— Dawa yake naijua, akasema. Naandika msimbo mmoja, yaani yale maagizo ya programu, mashine inazifyatua zote tatu kutoka hapo. Nikirekebisha mahali pamoja, nimerekebisha kote.

— Sasa unangoja nini?

— Itabidi nifute waliyoandika wenzangu.

Akawaeleza kwamba katikati ya mistari ile ya msimbo wenzake waliacha maneno yao. Mmoja aliandika: "Usiguse hapa, pamenitoa jasho." Mwingine alimjibu chini yake kwa matusi ya utani. Siku ofisi ikiwa kimya mno, huyafungua akayasoma.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kiatu chake, mguu mmoja peku, akageuka.

— Mwanangu, wenzako wanajua kwamba unawatunzia?

Programu akatoa simu, akafungua ujumbe wa mwisho kwa kila mmoja wa wenzake wale. Zote mbili zilikuwa salamu zake mwenyewe, za miezi mingi iliyopita, hazijajibiwa. Akairudisha simu mfukoni, akaaga kwamba anarudi kazini. Hakuna aliyemuuliza kama anakwenda kufuta au kusoma.