Eugenia Kokusima na Daftari la Migongo

Baba Paroko, wazee wa ukoo shikamooni, ndugu wa marehemu mliosafiri kutoka Muleba, wauguzi, walimu, majirani wa Nyambureti, nanyi mliotoka Robanda, Mugumu, Tarime na Sirari, poleni sana. Mimi ni Rubeni Nyamhanga, mdogo wake Athanas, mume wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu, kazi ambayo kwa haki ingepewa mtu mwingine, na sababu yake mtaisikia nitakapofika huko.

Marehemu Eugenia Kokusima Laurian alizaliwa tarehe 6 Aprili 1979 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Laurian, ambaye ametangulia, na Mama Adelina, ambaye yupo hapa mbele yetu, na ambaye leo anamzika mtoto aliyetegemea kwamba ndiye angekuja kumzika yeye.

Alisoma shule ya msingi Kamachumu kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Bukoba, na akiwa kidato cha pili, Julai 1995, alipasuliwa kidole tumbo, kidonda kikapona kwa nje, lakini tangu hapo maumivu ya chini ya kitovu yakawa yanamrudia kila mwezi, naye akayazoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Mwaka 2001 alijiunga na chuo cha afya mjini Moshi, akahitimu stashahada ya fiziotherapia mwaka 2004, akaajiriwa mwaka 2005, na Januari 2008 akahamishiwa Mugumu, ambako wengi wetu tulimwita daktari wa mazoezi kwa sababu hatukuielewa kazi yake.

Mwaka 2013 alikwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi mitatu, akajifunza kuwatibu kwa mikono wanawake wenye maumivu ya nyonga na wale ambao mimba haishiki kwa sababu ya makovu ya ndani, yale yanayobaki baada ya upasuaji au maambukizi na kushikamanisha vitu ambavyo Mungu aliviumba vitelezeane. Aliporudi alipewa chumba kidogo nyuma ya stoo ya magongo, akaweka kitanda, pazia na beseni la maji ya moto la kupashia mikono, na kila Alhamisi alipokea wanawake saba, wala hakuzidisha, kwa sababu kila mmoja alihitaji dakika arobaini za kubonyezwa polepole, akifundishwa kupumua, huku mikono ikilizunguka kovu bila haraka. Hakumgusa mgonjwa ambaye hajaonwa na daktari na kupimwa, na alidai waume nao wapimwe, jambo ambalo sisi wanaume wa huku tulilikataa kwa kauli moja, kwa kuwa kwetu jogoo hapimwi. Kila mgonjwa mpya alimwambia maneno yale yale: "Mimi sigawi watoto. Mimi naondoa maumivu, na mtoto akija, amekuja mwenyewe."

Kulikuwa na shida moja, kwamba daftari la mapokezi hupita mikono mingi na Mugumu ni mji mdogo, na mwanamke akiandikwa humo kwamba hapati mtoto, habari inamtangulia kufika nyumbani, basi Eugenia akakubaliana na wagonjwa wake kwamba daktari atayaona yote kwenye faili, lakini kwenye daftari la mapokezi, mahali pa tatizo, wote wataandikwa mgongo. Ndiyo maana kwa miaka kumi na moja wanawake wa wilaya hii waliugua mgongo kila Alhamisi, nasi kijiweni tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, nikasema wake zetu wamechoka kulima na wametafuta pa kulala.

Tarehe 12 Juni 2010 alifunga ndoa takatifu na kaka yangu Athanas, mwalimu wa shule ya msingi hapa kijijini, na walipendana kwa namna ambayo sisi tuliiona kama udhaifu wa Athanas. Novemba 2011 alishika mimba, ikaharibika ikiwa na miezi mitatu, na haikuja nyingine, na katika wilaya hii na ya jirani hakukuwa na mtu mwingine mwenye ujuzi wake wa kumlaza kitandani na kumfanyia aliyowafanyia wenzake, mganga hajigangi, kwa hiyo kila Alhamisi jioni alirudi nyumbani, akajilaza chali, na Athanas akamkanda kwa maji ya moto.

Sasa nimefika kwenye sehemu ya watoto, na naomba mnivumilie. Tarehe 20 Agosti 2016 ukoo ulikaa kwenye boma la baba, ukamtaka Eugenia aoe nyumba ntobhu, yaani amtolee mahari binti atakayezaa kwa jina lake, kama mila yetu inavyomruhusu mwanamke asiye na mtoto, na Athanas alipokataa, mimi nilisimama mbele ya wazee nikamwambia shemeji yangu: "Mikono yako inakanda matumbo ya watu wote, mbona lako limekushinda?" Watu walicheka, yeye akawaamkia wazee, akaomba ruhusa, akaondoka na mume wake, na tangu siku hiyo hadi anakufa aliendelea kunisalimia, na mimi nilidhani ni kwa sababu nilikuwa nimesema kweli.

Juzi, nilipokuwa naandika historia hii, kwenye sehemu hii niliandika kwamba marehemu hakujaliwa kupata mtoto, nikaweka nukta, nikaenda kwenye kikao cha mazishi, na niliporudi nilimkuta mke wangu Mokami amekaa na karatasi hiyo magotini, analia. Akaniambia kwamba baada ya kumzaa Eric kwa upasuaji mwaka 2009, hakuwa na siku nzima isiyo na maumivu, na miaka ile niliyokuwa namwita mvivu na mkaidi, kwa mambo ya chumbani nisiyoweza kuyasema hapa, tatizo lilikuwa ni kovu, na kwamba tangu Machi 2016 aliandikwa mgongo kila Alhamisi, na siku mbili tu kabla ya kikao kile cha ukoo alikuwa amelala kwenye kitanda cha Eugenia. Shemeji yangu alikuwa na jibu langu mdomoni, neno moja tu lingenikalisha chini mbele ya ukoo mzima, akalimeza, na Alhamisi iliyofuata akapasha mikono yake moto na kumpokea mke wangu.

Maumivu ya Mokami yaliisha kabla ya Krismasi, na tarehe 3 Februari 2018 tukampata binti. Sisemi ni mikono ile iliyomleta, mwenyewe angenikemea, na wapo wanawake hapa waliopata nafuu na mtoto hakuja, nao aliwalilia. Nasema tu kwamba Mokami alitaka mtoto aitwe Eugenia, na mimi nikakataa, nikasema mwanangu hawezi kubeba jina la mtu asiyezaa, ndipo akaitwa Precious. Mokami ameniruhusu kuyasema haya, amekaa pale, na hajainamisha kichwa. Ninyi wengine wote aliowatibu siwaombi msimame, kwa sababu Eugenia hakuwahi kuwataja, hata kwa mume wake.

Januari 2024 maumivu yake ya zamani yalibadilika, akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, ikaonekana saratani ya vifuko vya mayai, ikiwa imekwisha kusambaa, akatibiwa kwa dawa za saratani, mzunguko baada ya mzunguko, akarudi kazini mara mbili na kuhudumia akiwa ameketi kwenye stuli, hadi Alhamisi yake ya mwisho, tarehe 6 Machi 2025. Alifariki Mwanza tarehe 17 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, Athanas akiwa amemshika mkono, na marehemu alikuwa na umri wa miaka 46.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Mugumu, wafanyakazi wenzake, walimu wanaofundisha na Athanas, Mzee Shaaban fundi seremala aliyetengeneza jeneza na kukataa ujira, majirani mliopika na kuchota maji, na akina mama wa Sirari ambao hatuwafahamu, na hatutawauliza mlimfahamuje.

Marehemu ameacha mama, mume, ndugu watano, na mtoto mmoja wa jina. Shemeji, nimechelewa miaka saba kuliomba jina lako, jana nililiomba kwa kaka, akanipa bila kuniuliza kitu, na jioni ya leo nitakapomwita mwanangu aje kula nitaita Eugenia, nawe usiitike, umeitika vya kutosha. Pumzika kwa amani.