Mama Mkubwa, Mpiga Pasi Aliyejifunza Kusimama Wima Uzeeni

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mama mkubwa wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa seremala na mshona mashuka. Alizaliwa mrefu, na hakuacha kurefuka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965. Kila mwalimu alimweka nyuma asiwazibie wenzake ubao, na watoto wakamwita Mlingoti. Taratibu akajifunza kujikunja: kidevu chini, mabega mbele, magoti yamelegea kidogo. Hesabu aliipenda, ila alisema somo alilolishika barabara kuliko yote ni hilo la kujifupisha.

Mwaka 1969 aliajiriwa kwa dobi, kupiga pasi. Meza aliyoikuta ilitengenezwa kwa kimo cha mama mfupi aliyemtangulia. Matofali machache chini ya miguu ya meza yangetosha kuiinua, lakini hakuomba. Aliogopa kuonekana mtu wa makuu. Akaiinamia meza ile mpaka alipostaafu mwaka 2006, mashati ya watu yakitoka yamenyooka na yeye akitoka amepinda.

Tarehe 3 Julai 1976 aliolewa na fundi baiskeli, mtu mfupi na mcheshi. Walipopangwa kupigwa picha, bibi harusi akajikunja ili walingane. Bwana harusi akamgeukia, mpiga picha akisikia: "Simama vizuri, mke wangu. Nimeoa mtu mzima, mbona unaniletea nusu?" Kwenye picha ile amesimama wima, anacheka mpaka jino la mwisho. Mwaka 1980 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, wa kiume.

Mumewe alifariki mwaka 2011, na mwana alikuwa keshahamia nchi nyingine kikazi. Nyumba ikawa kimya. Hata mgongo ulipoanza kumuuma, wa kumwambia ilikuwa redio tu. Hatimaye akaenda kliniki, ambako mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole, alimwonyesha la kufanya kila asubuhi: visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ukuta, kidevu kivutwe ndani, pumzi iende polepole.

"Ila bibi, tafuta mtu akutazame kutoka ubavuni," akamwambia. "Mgongo uliozoea kupinda hukudanganya kwamba umenyooka."

"Nitamtafuta," akajibu, akijua hana.

Alifanya peke yake, kabla ya chai, hadi rangi ya ukuta wa chumbani ikafifia pale kisogo kilipogusa. Siku moja alimwomba muuza maziwa aingie amwangalizie kama umenyooka. Yule bwana akaukagua ukuta juu mpaka chini, akamwambia uko sawa, labda upakwe rangi. Mama mkubwa alitusimulia hayo kwa simu akicheka.

Mwanawe naye alipiga simu.

"Mgongo vipi, Mama?"

"Unanyooka. Unakuja lini uuone?"

"Mwisho wa mwaka, Mama."

Miisho ya mwaka ikapita, na yeye kila asubuhi yuko ukutani.

Januari 2024 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, akalazwa. Mwana alifika alasiri ya tarehe 20 Aprili, akamkuta amejikunja kitandani. Hata salamu hakuipokea.

"Nisimamishe," akasema.

Muuguzi alikataa. Kisha akamtazama usoni, akaja kushika mkono wa pili. Wakamsimamisha kwenye ukuta wa wodi, na mwana akasogea ubavuni.

"Umenyooka, Mama."

"Usinifurahishe. Tazama."

Akatazama tena, safari hii bila haraka. "Bega la kushoto limekuja mbele kidogo."

"Ehee." Akalirudisha nyuma, polepole, mpaka likagusa. "Na sasa?"

"Sasa limefika."

"Basi nilaze," akasema. "Nilitaka mtu aniambie ukweli wa hilo bega."

Alifariki alfajiri ya tarehe 21 Aprili 2024, mwanawe akiwa kando yake.

Ameacha mtoto mmoja, mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake wa kike, na sisi watoto wa mdogo wake huyo, ambao kwetu alikuwa mama kamili. Mungu ampumzishe kwa amani, kwa kimo chake chote.